NENO LA LEO: MBWA ALIYEACHWA GETINI

 

Fungua Biblia yako 2 Samweli sura ya 9, uisome yote. Ni mistari 13 tu. Kisha weka kidole kwenye Mithali 12:10. Tutarudi huko.

Leo siandiki juu ya ndoa, wala madeni, wala vita vya kiroho. Leo naandika juu ya mbwa. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, na mwingine anasema Pasta ameishiwa na ujumbe. Nivumilie hadi mwisho. Neno hili lilinipiga mimi kwanza kabla sijakuletea wewe.

SIKU NNE

Mwezi wa Desemba jirani zetu walihama. Unajua kuhama kwa huku mtaani. Lori linakuja alfajiri, vijana wa kubeba wanapiga kelele, mpaka saa nne nyumba ni tupu. Walipakia kila kitu: godoro, friji, mtungi wa gesi, ndoo, hata kamba ya kuanikia nguo waliifungua ukutani wakaikunja wakaondoka nayo. Mbwa wao hawakumpakia. Alikimbia nyuma ya lori mpaka kwenye lami, akarudi, akakaa mbele ya geti lililofungwa.

Alikaa pale siku nne.

Mimi nilipita hapo siku zote nne. Nilikuwa na kesha la kufunga mwaka la kutayarisha, nilikuwa na mazishi, nilikuwa na kikao cha wazee. Siku ya pili nilimwona akilamba maji ya mtaro. Siku ya tatu mtoto mmoja alimrushia jiwe, nikamkemea yule mtoto, nikaenda zangu nikijiona nimetenda jema. Siku ya tano hakuwepo.

Jioni hiyo tukiwa mezani, binti yetu wa miaka 11 akaniuliza, "Baba, kwa nini hatukumfungulia geti letu?"

Majibu nilikuwa nayo. Si mbwa wetu. Hatujui kama amechanjwa. Chakula ni bei. Lakini sikutoa hata jibu moja, kwa sababu swali la yule mtoto lilikuwa limefukua kitu nilichokizika miaka mingi.

KATONI YANGU

Nikiwa mchungaji kijana, katika mji mwingine, nilikuwa na mbwa jike. Akazaa watoto sita. Madume wawili walipata wenyewe haraka. Wanne waliobaki walikuwa majike, na hakuna aliyewataka. Kila mtu anajua jike akikua atavuta madume wote wa kijiji, na miezi miwili baadaye una watoto wengine uani.

Nikawaweka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Nikaibeba jioni mpaka nyuma ya soko, nikaiacha karibu na jaa la taka. Nilijiambia kuna mtu atawaokota asubuhi. Usiku ule mvua ilinyesha. Sikurudi kuangalia.

Jumapili nilisimama madhabahuni nikahubiri, watu wakasema amina, na hakuna aliyejua. Mama yao alizunguka ua wiki nzima akinusa kila kona, akinijia, akinitazama, akirudi kunusa tena.

Sijawahi kuliandika jambo hili mahali popote. Naliandika leo kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mna katoni yenu. Wengine mlimpeleka mbwa mzee kwa gari mpaka barabara ya mbali mkamshusha. Wengine mlihama mkamwachia "mungu wa wanyama". Wengine mlimfunga mnyororo mfupi nyuma ya nyumba mpaka siku zake zikaisha. Hatukuhesabu kuwa ni dhambi kwa sababu hakuna aliyetushtaki. Mbwa haendi kwa chifu.

Lakini Mithali 12:10 haituachi hivyo. Andiko linampima mtu mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Soma vizuri. Halikusema tumpime kwa sauti yake anapoomba. Lilisema mnyama wake. Na ukienda Kutoka 20, amri ya Sabato imewataja hata wanyama, nao wapumzike. Ukienda Yona, mstari wa mwisho kabisa wa kitabu, Mungu anapomweleza nabii kwa nini anauhurumia mji wa Ninawi, anataja watu zaidi ya 120,000, halafu anaongeza wanyama. Kitabu kinaishia kwa wanyama! Mungu angeweza kunyamaza baada ya watu. Hakunyamaza.

TULIYEMKUTA

Mwezi wa Januari tulienda kwenye kituo kimoja cha kuokoa wanyama, nje kidogo ya jiji la Nairobi, kumtafuta yule mbwa wa jirani. Hatukumpata. Nakwambia ukweli, hatujampata mpaka leo, na sijui alikoishia. Si kila kosa unapewa nafasi ya kulirekebisha palepale ulipolifanya.

Kazi hii ya kuokoa wanyama si ngeni nchini. Chama cha KSPCA, kwa mfano, kilianza mwaka 1910. Zaidi ya miaka mia moja watu wamekuwa wakiokota tunachotupa, na wengi wetu hatujawahi hata kuwaambia asante.

Nikiri jambo lingine. Nilipoona wale mbwa, macho yangu yalikwenda kwa mmoja mkubwa, masikio yamesimama, kifua kipana, anafanana na German Shepherd. Nilitaka mbwa ambaye mgeni akifika getini atasema, "Pasta, huyu sasa ndiye mbwa!" Binti yangu yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya banda lingine.

Ndani mlikuwa na jike mdogo, rangi ya hudhurungi na madoa meusi, kama chapati iliyokaa jikoni kidogo zaidi. Sikio moja limesimama, lingine limelala. Mguu wa nyuma ulivunjika zamani ukaunga vibaya. Walimwokota kando ya barabara. Chotara wa chotara. Babu yake hajulikani, nyanya yake hajulikani. Kile ambacho sisi Wakenya tunakiita "mbwa shenzi".

Hebu tulitazame neno hilo kidogo. Walowezi walipokuja hapa, neno hilohilo waliwaita babu zetu. Shenzi. Maana yake, huna ukoo ninaoutambua, kwa hiyo huna thamani. Leo babu zetu wamelala, na sisi tumeliokota lile neno tukambandika mbwa.

Tumemwita "Chapo". Mzee mmoja wa kanisa alipendekeza "Baraka" lakini tuna shemasi anaitwa hivyo, tukaona tusilete vita.

MASWALI YALIYONIUDHI

Nilifikiri nitalipa na kuondoka naye. Haikuwa hivyo. Waliniketisha chini wakaanza kuniuliza. Una ua? Ukuta au seng'enge? Atalala wapi mvua ikinyesha? Mchana atakuwa amefungwa? Ukisafiri nani atamlisha? Nani anaishi nyumbani, na wote wamekubali? Ukihama utampeleka wapi?

Nikaudhika. Moyoni nikasema, mimi mtumishi wa Mungu, nimefungisha ndoa za watu, leo naulizwa habari za seng'enge? Siku chache baadaye wakatuma mtu kuja kuona nyumba. Akaangalia geti. Akaangalia chini ya geti. Akatuonyesha pengo tuzibe.

Tulipoziba lile pengo ndipo hasira yangu ikaisha. Nilielewa kwamba swali la "ukihama utampeleka wapi" ndilo ambalo hakuna aliyemuuliza jirani yangu. Na mimi nyuma ya lile soko, hakuna aliyeniuliza. Upendo usioulizwa maswali mwanzoni unaishia kwenye katoni. Andika hiyo.

"PASTA, MBWA NI NAJISI"

Tulipomleta nyumbani maneno hayakukosa. Mmoja aliniambia Biblia haina neno jema juu ya mbwa. Kweli, mara nyingi mbwa katika Maandiko ni mfano wa aibu. Paulo alitumia jina hilo kuwaonya Wafilipi, na Isaya aliwaita viongozi wazembe mbwa walioshindwa kubweka. Sipingi.

Lakini soma yote. Ayubu 30 inataja mbwa wa kulinda kundi. Wachungaji wa kondoo waliishi nao. Katika Mathayo 15 yule mwanamke Mkanaani anazungumza na Bwana juu ya mbwa wanaokula makombo yanayoanguka mezani. Neno lililotumika kwa Kigiriki ni la mbwa wadogo wa nyumbani, si wale wanaorandaranda jaani. Na yule mama alishinda kesi yake kwa mfano huo! Halafu nenda Luka 16, kwa Lazaro aliyelazwa mlangoni pa tajiri akiwa na vidonda. Nani alimsogelea? Tajiri alipita akiingia na kutoka. Waliomkaribia ni mbwa.

Mimi niliposoma hapo mwaka huu nilinyamaza muda mrefu. Kwa sababu lile lilikuwa geti, na nilijua mimi ni nani kwenye ile hadithi.

"NA WATOTO WA MITAANI JE?"

Swali hili ndilo lililoniuma zaidi, na sitalikwepa. Mama mmoja tunayemheshimu sana kanisani, mjane aliyelea wajukuu kwa kuuza mboga, alinijia baada ya ibada akasema taratibu, "Pasta, kuna watoto wanalala na njaa hapo stendi, na wewe unanunulia mbwa omena."

Sikumkemea. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, mbwa hapana. Mbwa si mtoto, na wale wanaomwita mbwa "mtoto wangu" nawaheshimu ila siendi nao njia hiyo. Kama una mia mbili ya mwisho na kuna mtoto ana njaa mbele yako, mpe mtoto. Hapo hatujadiliani.

Lakini nilimwambia yule mama jambo moja la kweli. Kabla Chapo hajaja, ile pesa ya omena sikuwa nawapa wale watoto. Nilikuwa nakunywa soda nayo. Wengi tunaouliza "na watoto je" hatuulizi kwa sababu tunawalisha watoto. Tunauliza ili tusifanye lolote kwa yeyote. (Yule mama simhesabu hapo, yeye huwalisha kweli, tena kwa siri.) Tukakubaliana nyumbani: gharama ya Chapo itoke kwenye soda na nyama choma zetu, isiguse sadaka wala ile kidogo tunayotenga kwa wahitaji.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jioni huwa natembea naye mpaka karibu na stendi. Wale vijana wa pale ambao nimewapita miaka kadhaa, nikiwapa sarafu bila kusimama, walimwona Chapo wakaja mbio. Waliniuliza jina lake kabla ya kuniomba pesa. Mmoja akapiga magoti akamshika lile sikio lililolala. Wakanionyesha mbwa wao wawili ambao hulala nao kwenye baridi, kila mmoja ana jina. Nilisimama pale nusu saa. Mara ya kwanza nilijua majina ya wale vijana, na nilijua ya mbwa wao siku hiyohiyo.

Nilidhani huruma ni kama sufuria ya githeri, ukimpakulia mmoja mwingine anapungukiwa. Pesa ndiyo iko hivyo, huisha. Huruma ni zaidi kama mguu: usipoutumia unakufa ganzi, ukianza kutembea unakupeleka mahali hukupanga kwenda.

KUHUSU KICHAA CHA MBWA, NISIKILIZE KWA MAKINI

Nikiwa pale stendi kijana mmoja alinionyesha kovu kwenye ndama ya mguu. Aliumwa na mbwa asiyemjua, na hakuna aliyempeleka hospitali. Tulimpeleka kituo cha afya. Baadaye tukazungumza na daktari wa mifugo akawachanja wale mbwa wao wawili.

Mpendwa, hapa naongea nawe kama mchungaji wa kipentekoste anayeamini uponyaji. Kichaa cha mbwa kinaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ni karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kinazuilika kabisa.

Kwa hiyo ukiumwa, usinipigie mimi kwanza. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uanze sindano, na uzimalize zote hata kama umejisikia vizuri. Ukiwa njiani piga simu, nitaomba. Usiweke pilipili, usiweke mafuta ya taa, usiweke mafuta ya upako ukakaa nyumbani. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kutengeneza chanjo.

Na mbwa wako achanjwe kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika 10 wakichanjwa mahali fulani, ugonjwa unakatika njia. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza ifikapo 2030, na tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupambana nao. Makanisa tuna vipaza sauti vikubwa. Siku ya chanjo ikitangazwa mtaani, tutangaze.

Ona pia kwamba mbwa anayetoka kituo kinachofanya kazi vizuri mara nyingi huja amechanjwa na amefungwa kizazi. Yule unayenunua kando ya barabara kwenye foleni ya magari, ametolewa kwa mamaye kabla ya wiki nane, hujui amepata chanjo gani. Tunamwogopa mbwa wa kuokotwa na tunamkumbatia mbwa wa foleni kwa sababu ana manyoya mazuri. Na hata hiyo damu safi ina gharama yake: German Shepherd wengi husumbuliwa na nyonga, na wale wenye pua bapa hupata shida ya kupumua. Shenzi wetu wa mitaani aliyeishi kwa jua na mvua mara nyingi ni imara kuliko sifa zake.

KAMA UNATAKA KUMCHUKUA MMOJA

Usikimbie kesho kwa sababu umesoma andiko hili ukatokwa na machozi. Machozi hukauka, na mbwa ataishi miaka 10 au zaidi.

Ulizeni nyumbani wote. Mama Pasta alikuwa na shaka, na tulisubiri wiki tatu mpaka aseme ndiyo kwa hiari yake. Siku hizi ndiye Chapo humfuata jikoni, mimi hunifuata nikiwa na nyama tu. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba kabla, usije ukamrudisha mbwa baada ya mwezi.

Mpe muda. Wiki ya kwanza Chapo hakula tukimwangalia. Alijificha chini ya tangi la maji. Akiona ufagio alijikunja. Alichimba sukuma wiki ya Mama, akatafuna kiatu changu cha kuhubiria, cha kushoto. Wanaofanya kazi hii husema siku tatu za hofu, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ya kujua ni kwake. Kwetu ilichukua zaidi kidogo.

Mlishe kwa akili. Ugali na omena au nyama ni sawa kwa kusaidia, lakini usimmwagie mabaki ya mchuzi wenye vitunguu vingi, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali, usimpe. Maji safi kila siku. Dawa ya minyoo, dawa ya kupe.

Na kama uwezo huna, usimchukue. Hiyo pia ni haki. Peleka gunia la unga, blanketi kuukuu au saa mbili zako Jumamosi pale kituoni. Na kama una mbwa jike nyumbani, mfunge kizazi, usije ukaandika ungamo kama langu.

MEFIBOSHETHI

Sasa turudi 2 Samweli 9.

Daudi ameketi kwenye kiti cha enzi. Anauliza kama kuna yeyote aliyebaki wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Wanamwambia yuko mmoja, ana kilema cha miguu, anaishi Lo-debari. Ukitaka kujua alivyopata kilema, soma 2 Samweli 4:4. Alikuwa na miaka mitano, yaya wake akakimbia naye kwa hofu, akamwangusha. Hakulemaa kwa kosa lake. Aliangushwa na aliyekuwa amembeba.

Anapoletwa mbele ya mfalme anaanguka kifudifudi, na anapotafuta neno la kujieleza, jina analojiita ni mbwa. Tena mbwa mfu. Yaani kitu kinachotupwa, ambacho hakuna anayesimama kukitazama.

Na Daudi hajibishani na lile jina. Hampi hotuba ya kujiamini. Anaagiza arudishiwe mashamba, na kuanzia siku hiyo anakula mezani pa mfalme kama mmoja wa wanawe.

Nimehubiri sura hii mara nyingi, lakini mstari wa mwisho nilikuwa naupita mbio. Sura haimalizi kwa kusema miguu ilipona. Inamaliza kwa kusema anaishi Yerusalemu, anakula mezani pa mfalme daima, na bado amelemaa miguu yote miwili. Sisi tunaoamini miujiza hatupendi mwisho huo. Tunataka yule tuliyemwinua aruke, ili ushuhuda uwe mzuri na picha ipendeze. Daudi alimweka mezani vilevile alivyo, na hakumwondoa kwa sababu hakubadilika.

Chapo bado anachechemea. Mlinzi si mzuri; juzi alimkaribisha fundi wa maji kwa mkia. Hajatuletea umaarufu, hajazuia mwizi, na kiatu changu hakijarudi. Nilipojishika nikitafuta sababu ya kuwaeleza watu kwa nini tunaye, nikagundua tatizo langu la tangu ile katoni. Wale majike wanne niliwatupa kwa sababu sikuona watanifaa nini.

Na ni hivyohivyo tunavyowatupa watu. Mzee aliyeanza kusahau. Binti aliyepata mimba shuleni. Kijana aliyerudi kutoka jela. Ndugu aliyeacha pombe akairudia mara ya tatu. Tukihama kwenda msimu mpya wa maisha, tunapakia kila chenye faida, hata kamba ya nguo, na wao tunawaacha getini. Sisemi mbwa na mtu ni sawa. Nasema mkono unaotupa ni mmoja, na mkono unaofungua geti pia ni mmoja. Ukiuzoeza kwa mdogo, hautakuwa mgeni kwa mkubwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, mpendwa. Kabla hujanunua mbwa wa bei kwa ajili ya macho ya wageni, pita kwanza pale walipo walioachwa. Na kabla hujahama, mhesabu mbwa wako kati ya walio wa nyumba yako. Mkristo asiondoke na friji akaacha kiumbe hai getini. Ushuhuda wetu unaharibika hapo kuliko tunavyodhani, maana mtaa mzima unaona, na watoto wetu wanaona.

TUOMBE

Baba, tusamehe kwa vile tulivyovitupa gizani tukidhani hakuna aliyeona. Wewe uliona. Tupe moyo wa mtu mwenye haki, unaojali hata uhai wa mnyama. Wabariki wanaookota tunachoacha. Walinde watoto wetu na kichaa cha mbwa, na utupe bidii ya kuchanja. Na yule anayesoma hapa akijiona ni mbwa mfu, ameangushwa na waliombeba, mwonyeshe leo kwamba jina lake liko mezani kwako. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama una katoni yako, huna haja ya kuiandika hapa mbele ya watu. Mwambie Mungu, kisha mwambie mtoto wako ukweli akikuuliza. Mimi nilimwambia wangu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza wale wanne walikuwa rangi gani. Nilikumbuka zote.

Neno hili likikugusa, andika AMINA, na umtumie jirani anayehama mwezi huu.

Mchungaji wenu, anayewapenda katika Bwana.